Nguzo ya Kando ya Kitanda

Majirani walimpachika jina la Mama Ufagio, naye hakulikataa. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, alikuwa ameshainama chumbani kwa mumewe anakwangua ukuta. Mchwa walikuwa wakipandisha njia zao za udongo, nyembamba kama kamba ya kiatu, kutoka sakafuni kwenda darini kwa kufuata nguzo ya kando ya kitanda. Anazikwangua kwa kisu, anafagia, anapitisha tambara lenye mafuta ya taa mpaka panang'aa. Kesho yake njia zimerudi, na yeye karudi.

Si kwamba alikuwa mpumbavu. Alikuwa anaogopa, na aliyemwogopa ni wifi yake.

Mumewe alikuwa seremala, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mpaka kiharusi kilipomlaza. Ulimi ukafungika, upande wa kushoto ukafa. Alibakiwa na macho na mkono wa kulia. Ndipo dada yake alipokuja, akapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi, akasema mbele ya watu:

"Wifi, mimi sina maneno mengi. Siku nitakayomkuta kaka yangu analala kwenye uchafu, namchukua. Kwangu nafasi ipo."

"Ubebe na kitanda basi," akajibu Mama Ufagio. Watu wakacheka. Yeye aliwaza mengine. Watoto walishatawanyika, kila mmoja na dunia yake. Huyu naye akichukuliwa, atabaki anaongea na sufuria.

Mzee mwenyewe alikuwa na vituko vyake. Aliinua ule mkono mzima akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

"Nimekuja, baba watoto. Maji?"

Mzee anageuza uso.

"Chai? Nikugeuze ubavu?"

Ko, ko, ko, kwa hasira sasa, mpaka machozi yanamlenga.

"Ugonjwa umekurudisha utotoni," anamwambia, anamfuta mate, anarudi jikoni.

Siku fremu ya mlango wa uani ilipommegukia mkononi kama mkate mkavu, ndipo alipomwita fundi wa dawa ya mchwa. Jioni ya kuamkia siku ya fundi akaikwangua ile nguzo kama kawaida, halafu akaipaka rangi ya mafuta, ipendeze.

Fundi akaja na pampu mgongoni, mtu wa maneno mengi. "Mama, mimi na mchwa tunagombana lakini tunategemeana. Wakiisha wao nami nalala njaa. Haya, nionyeshe njia zao. Penye udongo ndipo ninapotoboa sakafu na kumimina dawa. Pasipo na udongo sichezei dawa."

Akamwonyesha uani, akamwonyesha stoo. Walipofika chumbani kwa mgonjwa, wifi mtu alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Humu je, wamepita?" fundi akauliza.

Mama Ufagio alimtazama wifi yake, akatazama kitanda.

"Humu? Humu hawajawahi. Nalala humuhumu, ningewaona."

Ko, ko, ko, mzee akagonga.

"Anataka nini?" fundi akauliza tena.

"Maji tu huyo."

Fundi akanyoosha mkono kuigusa nguzo, akaona rangi bado mbichi, akaurudisha. "Chumba kama hospitali," akasifu, akatoka na pampu yake. Wifi mtu akashusha mikono, akampisha. Mama Ufagio alijiona ameshinda.

Ilipokuja mvua kubwa ya kwanza, alikuwa jikoni akipuliza moto. Alisikia kishindo, kisha mabati yakiburuzika. Majirani ndio waliomsaidia kuyanyanyua. Mzee alikuwa hai. Boriti ilikuwa imeuangukia mkono wa kulia, ule uliokuwa umeinuliwa kwenye nguzo. Hospitali hawakuweza kuokoa vidole.

Aliporudi kuokota vyombo, aliinyanyua ile nguzo ikaja nyepesi kama kapu tupu. Rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Ndani yake ni udongo na matundu. Akaigonga kwa kifundo cha kidole.

Ko.

Mumewe maisha yake yote alijua ubao kwa kuugonga. Mama Ufagio akakaa chini palepale kwenye kifusi.

Mzee alipotoka hospitali, wifi mtu alifika nyumbani na gari. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umemfungia nguo?"

"Ziko kwenye kapu. Uji wake usiwe wa moto sana. Na usiku umgeuze ubavu."

"Ulisema humu hawajawahi, wifi."

Mama Ufagio akamkabidhi kapu. Mzee aliwekwa kiti cha nyuma, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mkewe akaingiza kichwa dirishani.

"Nimekusikia, baba watoto. Sasa nimekusikia."

Mzee akafumba macho. Gari likaondoka.

Alirudi ndani akaanza kugonga mbao zilizobaki, moja baada ya nyingine, sikio kwenye ubao. Wa jikoni ulitoa sauti nzito. Nyingine zote zilimjibu kwa sauti tupu.

Asubuhi njia mpya ya udongo ilikuwa imeshapanda ukuta wa sebuleni. Jirani aliyekuja kumpa pole akauchukua ufagio aipanguse, kumpunguzia kazi. Mama Ufagio akamshika mkono.

"Iache," akasema. "Fundi yuko njiani. Ionekane."