Nguzo Nne za Relini

Treni iliigonga pikapu ubavuni pale kivukoni, ikaiburuta mita mia mbili. Nilikuwa karakanani. Nilisikia honi ndefu, kisha bati likichanika.

Wanawake tisa wa kiwanda cha tofu, jibini la soya, walikuwa wamepanda nyuma. Saba walikufa palepale, wametapakaa kando ya reli, wengine wamekatika. Shemeji yangu Wartini nilimkuta mtaroni, mguu mmoja haupo.

"Shemeji, mbona baridi?" aliniuliza. Nilivua shati nimfunike. Sikuwahi; alikata roho kwanza.

Wiki tatu kabla, wizara iliagiza kila kivuko cha reli kisicho na mlinzi kifungwe mpaka kipate geti la umeme. Geti letu lingekuja mwakani. Mafundi walichimbia nguzo nne za chuma kuziba njia, wakazimwagia zege, na kijiji chetu, hapa Java, kikawa kinazunguka kilomita sita kwenda sokoni. Mchomeleaji nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo watu walinijia nizikate.

Nilisita. Wartini akashika kiuno. "Sarju, unaogopa karatasi ya wizara? Nipe huo moto nikate mwenyewe, nawe ujifunge sarong yangu kiunoni ukauze tofu!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilikata zote nne. Walinipigia makofi.

Baada ya mazishi alikuja afisa wa uchunguzi. Tulijaa kwenye ukumbi wa kijiji.

"Nani alikata nguzo?"

"Wezi wa vyuma chakavu, bwana," alijibu mkuu wa kijiji.

Vichwa vyote vikaitikia. Hata cha kaka yangu Tukiman, mume wa Wartini.

Nikasimama. "Ni mimi."

Tukiman alinirukia kabla sijamaliza. Ngumi ya kwanza ilining'oa meno mawili. Alinikalia kifuani, akanipiga usoni, akanipiga tena, akilia kwa sauti ya mnyama. Hakuna aliyemshika. Afisa alipotaka kumvuta, nilimwashiria amwache.

Alipochoka aliketi sakafuni kando yangu, akihema.

"Mjinga wewe," aliniambia. "Kwa nini useme peke yako? Mtungi wa gesi nilikushikia mimi."

Afisa akainua kalamu.

"Na wewe, jina lako nani?"

Kaka yangu alijifuta damu yangu mikononi, akalitaja jina lake lote, taratibu, lisije likakosewa.