Nani Alikwambia Upige Windows?

Tabea alirudi kutoka kanisani, akaingia sebuleni kuchukua kitenge kizito, maana baridi ya Njombe ilikuwa imeanza kuuma. Akaikuta meza ya marehemu mumewe iko tupu. Kitambaa cha kufuma kilikuwa pale pale, kimebaki na alama ya mraba usio na vumbi. Kompyuta haikuwepo.

"Mama!" aliita. "Kompyuta ya Elius iko wapi?"

Mama mkwe wake, Prisila, alikuwa jikoni anaota moto. Hakugeuka.

"Anderson alipita. Ameichukua. Amesema imekufa, anakwenda kuifufua kwake Makambako."

"Kuifufua ili iweje?"

"Ikae dukani kwake, watu wachapishiwe barua. Hapa inafanya kazi gani, mwanangu? Inalia tu kama kifaranga."

Tabea hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu mazishi, wanawake wa jumuiya walikuwa wakimsifu kwa utulivu wake, na yeye aliwaacha wasifu. Lakini sasa hasira ilimpanda na haikutaka kushuka.

Elius alikuwa mwalimu wa kwaya. Alitunga nyimbo kwa Kibena, na kwa kuwa wanakwaya wake hawakusoma nota, alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alikaa mbele ya ile kompyuta ya mezani, kuukuu, akajirekodi akiimba kila sauti peke yake: ya kwanza kwa koo jembamba la kuchekesha, kisha ya pili, ya tatu, na besi. Halafu aliwaita wanakwaya kundi kwa kundi, Tabea akiwa kundi la sauti ya pili, wakasikilize mpaka washike. Wimbo wake wa mwisho aliumaliza kurekodi, lakini presha ilimwangusha kabla hajamfundisha mtu yeyote. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupigia tu. Wimbo ule, na sauti yake yenyewe, vilikuwa ndani ya lile kasha tu, hapakuwa na mahali pengine duniani.

Na kuharibika kwake, ukifuatilia, kulitokana na msiba wenyewe. Mtu akifariki, sebule hutolewa vyombo watu wapate kukaa chini. Wanaume walitoa makochi, wakatoa kabati, na kompyuta wakaisogeza kwenye jiko la kuni, pembeni ya masufuria makubwa ya chai na makande ya waombolezaji. Ikakaa kule, inavutishwa moshi na mvuke, mpaka watu walipotawanyika. Iliporudishwa mezani, Tabea aliiwasha, akafungua ule wimbo. Elius aliimba ubeti mmoja, akaanza wa pili, na katikati ya neno skrini ikageuka bluu, ikajaa maandishi ya Kiingereza, ikazima. Siku nyingine ilikatikia mahali pengine. Baadaye ikawa inalia tu, pii, pii, bila kuonyesha kitu.

"Imemfuata mwenyewe," majirani walisema, wakitikisa vichwa.

Neno hilo lilimchoma Tabea kuliko walivyodhani. Kompyuta haimfuati mtu. Ina ugonjwa, na ugonjwa hutafutwa.

Alimpigia simu shemeji yake.

"Kamwene, shemeji," Anderson alisema kwa uchangamfu.

"Kompyuta iko wapi?"

"Mbona hata salamu huitikii? Iko kwa fundi. Nimemwambia apige Windows mpya. Itakuwa kama imetoka dukani leo."

Tabea alifumba macho. Kupiga Windows! Huku kwetu, kuanzia Njombe hadi Makambako, kompyuta ikipiga chafya dawa ni hiyo hiyo. Ikichelewa kuwaka, piga Windows. Ikigombana na printa, piga Windows. Na wakipiga wao, hufuta kila kitu kilichokuwemo. Elius alikuwa akisema hao ni kama mganga anayemnyoa nywele mtu anayeumwa jino.

"Shemeji, nyimbo za kaka yako zimo humo."

"Kaka amelala, shemeji. Tumwache apumzike. Nyimbo mtatunga nyingine."

Tabea akakata simu. Alijifunga kitenge, akachukua pochi, akatoka.

"Unakwenda wapi?" Prisila alimfuata mlangoni. "Mjane anapanda gari kabla msalaba haujawekwa kaburini? Watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda Makambako, mama."

Makambako ilimpokea kwa upepo wake na vumbi lake. Malori yalikuwa yamepanga foleni barabara ya Mbeya, na Tabea alipita kati yake akiuliza, kwa wauza soda na wauza vocha, fundi wa kompyuta rafiki wa Anderson wa steshenari. Alielekezwa kwenye chumba chembamba nyuma ya duka la mbolea. Ndani, makasha ya kompyuta yalikuwa yamebebana kama matofali. Kijana aitwaye Remmy alikuwa ameinamia moja, bisibisi mkononi. Kasha lilikuwa na stika ya kwaya ubavuni.

"Nani alikwambia upige Windows?"

Remmy alishtuka. "Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mwenye mashine."

"Mwenye mashine tumemzika Njombe. Mimi ni mke wake. Umeshafuta?"

Remmy aliiweka bisibisi chini polepole. "Ningekuwa nimeshafuta, mama, ila inanigomea. Mara inalia tu, mara inakubali kuwaka; nikichomeka flashi ya Windows inasoma kidogo, kabla haijafika hata pa kuniuliza nifute wapi, inaleta bluu. Nimebadilisha flashi, hivyo hivyo. Hapa ndiyo nilikuwa natoa diski, nikaifutie kwenye mashine nyingine."

Tabea aliweka kiganja juu ya kasha, kama mtu anayemshika ng'ombe asichinjwe. Kumbe ugonjwa alioulaani wiki zote hizi ndio uliokuwa umesimama mlangoni. Mashine ingekuwa nzima, sauti ya Elius ingekuwa imeshafutwa zamani.

"Diski haitoki," alisema. "Wewe umesoma ufundi, au umesoma kufuta?"

"Nimesoma, mama."

"Sasa mgonjwa ameletwa. Umemuuliza anaumwa wapi?"

"Mimi naambiwa piga, napiga. Nikisema ngoja nichunguze, mteja ananuna, anasema namcheleweshea kazi."

"Basi mimi ndiye mteja, na nimeshanuna tayari. Chunguza."

Remmy alimtazama, akacheka kicheko kifupi, kisha akavuta taa karibu. Alipolifungua kasha vizuri, alirudisha kichwa nyuma.

"He! Mlikuwa mnaipikia hii?"

"Ilikaa jikoni wakati wa msiba."

Kicheko kikamtoka usoni. "Pole, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Hebu nieleze, ilianzaje?"

Tabea akaeleza: bluu inayokuja leo hapa kesho pale, kisha ile milio. Remmy aliitikia kwa kichwa, akagusa vibao viwili vyembamba vilivyosimama ndani ya kasha.

"Hizi ndizo RAM. Kazi ambayo kompyuta inaifanya sasa hivi, inaishika hapa. Zikiharibika inachanganyikiwa, inazima. Lakini nyimbo hazikai hapa, zinakaa kwenye diski. Ndiyo maana usikate tamaa."

"Ulijua hayo yote, na bado ulikuwa unakwenda kufuta?"

Remmy alivichomoa vibao vyote viwili. Meno ya vibao hivyo, ambayo hutakiwa kung'aa kama dhahabu, yalikuwa na weusi wa masizi. Alichukua raba ya kawaida ya shule, akayasugua taratibu mpaka yakang'aa, akasafisha matundu ya kuvichomekea kwa brashi na pumzi. Akavirudisha, akibonyeza mpaka vishikizo vikalia, ta, ta. Akawasha.

Pii. Pii. Pii.

"Unaona?" Tabea alisema. Ilikuwa kama analaumu.

"Bado. Tunakwenda mmoja mmoja." Alitoa kimoja, akaacha kingine. Milio ile ile. Akakihamishia tundu la pili. Milio. Akakiweka kando, akachomeka mwenzake peke yake. Kompyuta ikakaa kimya kwa kitambo, feni ikanguruma, na skrini ikawaka.

Tabea alinyoosha mkono kwenye kipanya. Remmy akaushika.

"Hapana, mama. Umesema nichunguze. Tukikimbilia kufungua na hii nayo ni mbovu, inaweza kutuharibia faili. Kuna kipimo." Alichomeka flashi nyingine, na mistari ya namba ikaanza kupanda skrini. "Ikiandika kwa nyekundu, ujue hata hii imeoza."

Wakakaa wanaangalia. Hapo ndipo mlango ulipotiwa kivuli, akaingia Anderson, kofia ya sufu masikioni.

"Shemeji! Mama amenipigia. Kweli umekuja mpaka huku?"

"Nimefuata kilicho changu."

"Cha marehemu ni cha ukoo. Na mimi sikuiba, nilipita mlangoni mchana kweupe."

"Ulipita nilipokuwa kanisani namwombea kaka yako!" Sauti ya Tabea ilipasuka, na wapita njia wakageuka. "Maiti haulizwi sanda, shemeji. Lakini mimi sijafa. Mimi ungeniuliza! Ninyi mlitoa kompyuta sebuleni, sikusema. Mkasema imemfuata, sikusema. Mmeona kimya changu mkadhani nyumba haina mtu?"

"Punguza sauti, shemeji, hapa ni mjini."

"Ndiyo, wasikie wa mjini!"

Anderson alimgeukia Remmy apate msaada. Remmy alikuwa amekazia macho skrini.

"Kipimo kimepita," alisema. "Hakuna nyekundu. Huyu mmoja ni mzima. Mama, faili inaitwaje?"

Tabea alitafuta mwenyewe, akabonyeza. Spika ndogo ya fundi ikakwaruza, na Elius akaimba. Akamaliza ubeti wa kwanza. Akapita lile neno alilokatikia, akaendelea. Aliimba sauti ya kwanza kwa lile koo lake jembamba, na Anderson akavua kofia. Wimbo ulipofika mwisho palikuwa na kikohozi, kiti kikalia, halafu akaanza sauti ya pili, akasimama ghafla.

"Sauti ya pili," Elius alisema, kwa ukali ule ule wa mazoezini, "hapa mnaburuza. Kila wimbo mnaburuza. Na anayewaburuza namjua, nakaa naye nyumba moja."

Tabea aliruka kutoka kwenye kiti.

"Haturuburuzi!" ulimi ulimteleza kwa hasira. "Hatuburuzi! Wewe ndiye unakimbiza! Kila siku nilikwambia unakimbiza!"

Spika haikujali, ikaendelea na beti. Tabea alibaki amesimama, kidole kimenyooka kuelekea kasha, na machozi ambayo hayakumtoka siku ya mazishi yakawa yanamshuka hadi kidevuni. Hakuyafuta. Alikuwa bado amekasirika.

Waliusikiliza wote, sauti zote nne. Kisha Remmy, bila kuambiwa, akazinakili nyimbo zote kwenye flashi, akamkabidhi Tabea mkononi.

Anderson alikuwa ameketi juu ya boksi, anazungusha kofia. "Shemeji," alianza, "pale dukani ingekuwa mahali pazuri tu, ungekuja kusikiliza wakati wowote..."

"Remmy, zima," Tabea alisema. "Nifungie na huyo RAM mbovu kwenye gazeti, nimwonyeshe mama mkwe wangu kilichokufa ni kipi. Shemeji, beba kasha. Mimi nabeba skrini."

Anderson alilitazama kasha, akamtazama mke wa kaka yake. Akavaa kofia, akainama, akalibeba. Walitoka kwenye upepo wakifuatana kuelekea stendi, Anderson akihema.

"Ila kweli mnaburuza," alisema nyuma yake.

"Nyamaza, beba."