Kitanda Namba Kumi na Saba

Kazi yangu ni kupima miji. Jimbo letu lina miji sita, na kila mwaka mvua zikishakatika, mimi na dereva tunaizunguka yote. Tunahesabu mabomba yanayotoa maji kweli, madarasa yenye madirisha, miti yenye kivuli cha kumtosha mtu mzima, na vitanda vya hospitali. Tukirudi ofisini naandaa Jedwali, na Jedwali linasema mji upi ni bora kuishi, wa pili ni upi, na upi unaburuta mkia. Watu huidharau kazi hii mpaka matokeo yatoke. Hapo simu yangu haipoi. Meya mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini sikuhesabu kivuli cha mnara wa simu.

Ofisini wananiita Mama Alama, na najua si kwa mapenzi. Dereva wangu tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kwenda taratibu. Miji tunaiita kwa mambo yake: Mji wa Mto, Mji wa Reli, Mji wa Mlimani. Mitatu iliyobaki haina jambo la kuiitia, hivyo tunaitaja kwa majina yake na kusahau.

Kuna taratibu mbili nilizozibuni mwenyewe na ambazo kwa miaka mingi nilijivunia. Ya kwanza ni barua. Wiki mbili kabla ya safari kila mji unapelekewa ratiba nzima, Jumatatu Mto, Jumatano Reli, Ijumaa Mlimani, na kuendelea, ili tusipoteze siku kumtafuta mwenye funguo. Ya pili ni kalamu nene nyekundu. Kila kitanda nikikihesabu nakiandika namba na herufi ya mji kwenye mguu wake, kisihesabiwe mara mbili. Tukiondoka wanaruhusiwa kufuta kwa mafuta ya taa.

Miaka mitatu iliyopita dada yangu alifariki, na tangu hapo nasikia gurudumu.

Si kila mahali. Ni katika wodi za wanawake, nikiwa nimeinama na kalamu yangu. Linalia mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa urefu, kama mtu anayeanza kuita jina halafu akalimaliza kwa uchovu. Nililisikia Mji wa Reli siku ile ile aliyofariki. Mwaka uliofuata nikalisikia Mji wa Mto, kisha Reli, kisha Mlimani, sauti ile ile. Nilimwambia daktari wa ofisi. Akaniuliza kama nalala vizuri, akanipa vidonge, na vidonge vikanipa usingizi wa mchana na gurudumu likabaki palepale. Basi nikaamua ni dada. Sikumwambia mtu. Mtu mwenye kazi ya kuhesabu akianza kusema anasikia visivyohesabika, anatafutiwa kazi nyingine.

Dada alikuwa na presha. Alipostaafu ushonaji aliniuliza akaishi wapi, na mimi nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba aende Mji wa Mto. Maji siku sita kwa wiki, miti mingi, na wodi ya wanawake yenye vitanda thelathini na viwili. Akahama. Alikuwa ananiamini kupita kiasi, tangu tukiwa wadogo. Jedwali la mwaka ule alilibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na mgeni akija kunywa chai anafunguliwa kabati na kuonyeshwa jina la mdogo wake chini ya karatasi.

Alizidiwa siku ya Jumatano. Jumatatu nilikuwa nimekula kwake mchana, akanilalamikia kwamba nakula kama ndege. Jumatano mimi nilikuwa Mji wa Reli, nimepiga magoti chini ya kitanda cha kumi na saba kwa sababu mguu wake ulikuwa na uchafu na niliona afadhali niandike chini ya fremu. Simu ikaita. Alikuwa binti yake. Aliposema mama yake amefariki, mkono ukaniponyoka, na ile saba ikavuta mkia mrefu mwekundu mpaka kwenye ukingo. Nilipoinuka nilijigonga kichwa. Baadaye nikaambiwa wodi ya Mji wa Mto ilikuwa imejaa siku ile, hata pa kumlaza hapakuwa. Bahati mbaya, wakasema. Nikakubali, kwa kuwa wodi ya vitanda thelathini na viwili inaweza kujaa.

Mwaka huu, Jumatatu, nilipomaliza kazi Mji wa Mto nilipita nyumbani kwa dada. Nyumba ilikuwa imefungwa muda wote huo. Nilimkuta binti yake ameifungua, ameinamisha viti juu ya meza, anafagia kwa mkono mmoja na mwingine ameshika kiuno. Ni mwalimu, anafundisha mbali, njia ya vumbi. Mimba yake ilikuwa na miezi saba, na ile presha ya mama yake alikuwa ameirithi pamoja na pua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa chini, nani amekutuma kufagia?"

"Nikikaa siinuki tena." Alinionyesha fomu mezani. "Daktari amesema nijifungulie karibu na hospitali ya maana. Wamenipa fomu ya uhamisho, nichague mji, mwisho Jumatatu ijayo. Nimefikiri nirudi hapa. Nyumba ipo, hospitali ipo. Au unasemaje? Wewe ndiye mwenye Jedwali."

"Vitanda ni thelathini na viwili," nikamwambia. "Nimetoka kuvihesabu sasa hivi."

Alitabasamu, akaenda kuchemsha chai. Nilisema kweli. Nilikuwa nimevihesabu asubuhi ile, na gurudumu lilikuwa limelia kwenye kitanda cha tano. Nilimwona anafungua kabati, na Jedwali la zamani lilikuwa bado liko pale, limekuwa na rangi ya chai.

Ijumaa tukawa Mji wa Mlimani. Wodi ya wanawake kule ni ndefu na ina madirisha upande mmoja tu, hivyo vitanda vya ukutani vinakaa kwenye kiza hata saa sita mchana. Nilianza mlangoni. Namba moja, mbili, tatu. Nilipofika katikati bibi mmoja mgonjwa alijigeuza ili anione, na kitanda chake kikalia. Mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu.

Nilisimama kama niliyeitwa.

"Usishtuke, mwanangu," bibi akasema. "Ni hiki kitanda. Kinalia tangu jana kilipokuja."

"Kilipokuja kutoka wapi, bibi?"

"Mimi nitajuaje? Tulikuwa tumelala chini, wakatuambia inukeni, vitanda vimefika. Nikasema asante."

Nilipiga magoti. Miguu ilikuwa safi, inanuka mafuta ya taa. Nikalala chali sakafuni na suti yangu ya kazi, muuguzi mmoja akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili, nikaingiza kichwa chini ya fremu. Pale juu ya pua yangu kulikuwa na namba kumi na saba na herufi ya Mji wa Reli, kwa mwandiko wangu. Ile saba ilikuwa na mkia mrefu uliokwenda mpaka ukingoni. Na pembeni ya mkia, kwenye kibati kidogo kilichopakwa rangi juu yake, nikasoma kwa kidole: Hospitali ya Mji wa Mto, Wodi ya Wanawake.

Niliona tumbo la godoro linashuka na kupanda kwa pumzi za bibi yule.

Muuguzi mkuu alinipeleka kwenye chumba chake, akafunga mlango. Ni mama wa makamo, mkavu, wa kusema mambo yalivyo. Hakukana lolote.

"Hospitali tatu, Mto, Reli na sisi, tuna vitanda vya maana thelathini na viwili kwa jumla," alisema. "Wewe unaandika barua. Unatuambia unafika wapi, siku gani. Tunavipakia kwenye lori, vinakutangulia."

"Vyote?" Miaka yote nilidhani thelathini na viwili ni kiwango cha wizara.

"Vyote. Tukionekana na vichache unatushusha alama, na mji ukishushwa alama wizara inaupunguzia dawa. Wewe unajua hilo kuliko mimi. Bila dawa wanakufa mwaka mzima. Bila vitanda wanalala chini wiki moja. Tulikaa tukapima, kama wewe unavyopima."

"Na hospitali ambayo zamu yake imekwisha, inabaki na nini?"

"Mikeka," akasema.

Nilimwambia kuhusu dada. Sikupanga kumwambia, maneno yalitoka tu. Alivua miwani, akaiweka mezani na hakuivaa tena mpaka nilipoondoka.

Taratibu alitaka kujua kama tunaendelea na miji mingine. Nikamwambia ageuze gari, tunarudi Mji wa Mto. Alianza kunitania kwamba leo Mama Alama amesahau mahali, kisha akaniona usoni, akageuza gari kwa safari ya saa mbili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikwenda polepole, na ilinitia hasira, maana nilitaka nifike kabla sijaanza kujitetea. Nilikuwa nimeshaanza. Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Barua ilikuwa ya kuokoa muda.

Kwanza nilipita hospitali. Mlinzi aliniambia siku yangu ilikuwa Jumatatu, nikampita. Wodi ile niliyoihesabu siku nne nyuma ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka, kwa sababu haikuwa na kitanda hata kimoja. Wanawake walikuwa wamelala kwenye mikeka kwa safu, na katikati yao sakafu ilikuwa na michirizi myeusi ya magurudumu kuelekea mlangoni. Waliniangalia mikono, labda kuona kama nimeleta kitu. Nilikuwa na kalamu tu. Na katika chumba kile kisicho na gurudumu, nililisikia likilia nyuma yangu, ukutani, pale ambapo kitanda cha tano kilikuwa. Sikugeuka.

Binti ya dada alikuwa amemaliza kusafisha. Viti vilikuwa chini, mapazia yamefuliwa, nyumba inanuka sabuni. Fomu ilikuwa imejazwa kila mahali isipokuwa kwenye mstari wa mji.

"Nilikuwa nakusubiri ili niandike mbele yako," akasema. "Iwe ya bahati."

Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, kuanzia barua hadi kibati, na sikuficha kwamba barua ilikuwa wazo langu. Nilimwambia kwamba Jumatano ile wodi haikujaa. Ilikuwa tupu. Kwamba mama yake alipokuwa anatafuta pa kulala, kitanda cha hospitali yao kilikuwa Mji wa Reli, na mimi nilikuwa chini yake nakiandika namba.

Hakulia. Alikuwa anakunja ukingo wa fomu na kuukunjua.

"Kuna kitu sikukuambia," alisema. "Niliona utaumia bure."

"Niambie."

"Tulipofika walituambia hakuna vitanda. Jirani alikuwa na gari pale nje, injini inanguruma. Akasema tumpeleke Mji wa Reli, ni saa moja tu. Mama akakataa." Aliukunja tena ukingo wa fomu. "Akasema, vitanda vipo. Mdogo wangu amevihesabu juzi, thelathini na viwili, watafute vizuri. Akakaa chini pale kwenye korido kusubiri watafute. Kila muuguzi akipita anamwambia, mdogo wangu amevihesabu. Mpaka alipoacha kusema."

Kama angepanda lile gari angenikuta. Angekikuta na kitanda. Jikoni mlango wa kabati ulikuwa umefunguka nusu, na kutoka huko, au kutoka mahali pengine ambako mimi tu napasikia, gurudumu lililia taratibu, mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa urefu. Sasa nilijua linasema nini. Lilikuwa linanitaja.

"Basi niambie, mama mdogo." Alinisogezea fomu na kalamu. "Achana na Jedwali. Wewe mwenyewe. Mji gani?"

Nimeilinganisha miji sita kwa miaka kumi na minne. Najua bomba lipi linatoa kutu na mwembe upi umekatwa. Niliishika ile kalamu, nikaipitia miji yote kichwani, wodi moja baada ya nyingine, na kila wodi niliyoiona ilikuwa imenisubiri.

"Kesho tunaanza kuzunguka," nilisema. "Mimi na wewe na Taratibu. Tunaangalia mmoja mmoja. Bila barua."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akashika tumbo lake kwa mikono miwili na kuniuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote:

"Na nikizidiwa leo?"

Niliinuka, nikaingia chumbani kwa dada, nikatoa shuka kabatini na kuanza kutandika kitanda chake. Katika jimbo zima hicho ndicho kitanda pekee nilichokuwa na hakika nacho.