Gitaa Lililoongea Kishami

Vidole vya Mahrus vilianza kugoma majira ya baridi yaliyopita. Si vyote, ni kile cha pete na kile kidogo, vya mkono wa kushoto, na mpiga gitaa akinyang'anywa hivyo viwili anabaki mtu wa kusimulia tu. Nyuzi za gitaa lake la umeme zilikaa juu mno ya shingo, akizikandamiza machozi yanamlengalenga, na akizishusha kidogo tu zinavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Jumatatu asubuhi alilizungushia gitaa shuka kuukuu, akashuka nalo Mtaa wa Muhammad Ali kwa Fundi Wagih.

Hakuwa na harusi ya kupiga. Harusi zilishamtupa mkono kitambo. Shida yake ilikuwa Mama Adnan, mjane wa rafiki yake Zuhair, ambaye Ijumaa alikuwa anarudi kwao Halab, Syria, kuishi na dada yake, baada ya miaka hamsini ya Cairo. Mama huyo aliomba kitu kimoja tu: Alhamisi alasiri Mahrus aje ampigie ule wimbo aliokuwa akiuimba marehemu, mara moja, aondoke nao masikioni. Mahrus alikubali kwenye simu kabla hajavikumbuka vidole vyake.

Wimbo wenyewe unasimama juu ya sika, ile sauti inayokaa katikati ya sauti mbili, ambayo gitaa kama linavyotoka kiwandani halijui hata kuitamka. Ndiyo maana mwaka ule walioanza bendi, Zuhair alililaza gitaa jipya juu ya meza ya jikoni ya mkewe ili aongeze shingoni kichuma kimoja, kile kipande chembamba ambacho uzi hubanwa juu yake, kati ya vile vya kiwandani. Hakupima kwa rula. Aliimba, Mahrus akatelezesha kidole taratibu juu ya uzi, na pale uzi ulipokutana na koo la Zuhair, Mama Adnan, bibi harusi wa mwezi mmoja tu, akachomoa wanja wake na kutia alama kwenye mbao. "Hapa," alisema. Zuhair akakata mfereji kwa msumeno mwembamba, akapigilia kichuma.

Sasa, sikio la Zuhair lilikuwa sikio la Halab, na sika ya Halab hukaa juu kidogo kuliko ya Cairo, upana wa unywele hivi. Wenzao kwenye bendi walicheka mpaka wakachoka. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya mapajani, alikuwa na tabia ya kumwinamia Mahrus katikati ya harusi na kumnong'oneza kuwa gitaa lake linaongea Kishami, Kiarabu cha watu wa Syria. Mahrus alikuwa akikasirika siku zile. Leo angetoa chochote kuusikia tena mnong'ono ule.

Fundi Wagih alizaliwa katika nyumba ya watengeneza udi, ile ala ya nyuzi, na hakuruhusu mtu asahau jambo hilo. Alilaza gitaa, akabana uzi mnene kwenye kichuma cha kwanza na cha mwisho, akachomeka tiketi ya metro chini yake, hapo katikati. Ilitakiwa ipite moja kwa shida; zilipita nne. Akatangaza kwamba shingo imepinda kuliko mgongo wa mwenye gitaa, akaingiza ufunguo wake na kukaza ile nondo iliyofichwa ndani ya shingo, robo mzunguko, akasubiri, robo nyingine. Nyuzi alizitoa. Akavipaka wino vichwa vya vichuma vyote, akapitisha tupa bapa mara moja, kwa mkono mwepesi kama anayefuta vumbi. Vichuma vyote vilibaki vyeusi ila kimoja, kile cha Zuhair, kilichong'aa.

"Nimekukamatia mwizi wako, Haji," alisema. "Huyu amesimama juu ya wenzake. Ndiye anayevuma. Nikimng'oa, nakushushia nyuzi mpaka uzipige kwa pumzi."

"Ng'oa chochote, Fundi. Hicho niachie."

"Unataka sika yako."

"Nataka sika yangu."

Hapo ndipo angeeleza, na hakueleza. Aliona haya, mzee wa miaka sabini na nne kuanza kusimulia habari za wanja wa mke wa mtu kwenye karakana yenye wateja. Alikunywa chai yake akaondoka.

Alhamisi adhuhuri alirudi. Alipolipakata gitaa tu alijua kazi imefanyika. Safari hii uzi mnene uliachwa huru bila kubanwa, na chini yake, pale kwenye kichuma cha kumi na mbili, zilipita tiketi tano tu zilizopangwa pamoja, ya sita ikagoma, na Wagih alihakikisha mteja ameona. Mahrus alipanda shingo yote, kichuma baada ya kichuma, na nzi hakusikika popote. Kidole cha pete kilikandamiza bila kulalamika. Furaha ilimpanda akacheka peke yake, akawaona wote tena, makoti yao ya kijani na suruali pana, Zuhair mbele akifunga macho.

"Na sika nimekurekebishia," Wagih alisema, kwa sauti ya mtu aliyeweka tamu mwisho. "Aliyeiweka alikosea, aliipeleka juu. Nimeufukia mfereji wake, nimekata mwingine mahali panapostahili. Hiyo zawadi yangu kwako."

Mahrus akaikandamiza. Sika ilitoka safi, nzuri, ya Cairo toka utosini mpaka unyayoni.

"Hakukosea," alisema. "Alikuwa Mhalabi."

Wagih alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Baadaye alisema kwamba kurudisha angeweza, lakini gundi haijakauka, kukata sasa ni kuichana mbao, labda Jumamosi. Mahrus akamwambia kwamba Jumamosi mwenye wimbo atakuwa Halab. Alilizungushia gitaa shuka lake na kutoka.

Nyumbani kwa Mama Adnan yalibaki maboksi, masanduku na ile meza ya jikoni, ambayo jirani angeichukua kesho. Mama Adnan alikuwa amepaka wanja kama kawaida yake. Mahrus aliweka spika ndogo mezani, akaanza bila maneno, maana alijua akizungumza kwanza hatapiga.

Sika ilipokaribia, kidole kiliamua chenyewe. Kiliubana uzi na kuusukuma juu kidogo, jambo ambalo nyuzi za zamani zisingemruhusu hata akiwa kijana. Uzi ulikubali. Sauti ikapanda ule unywele mmoja, ikasimama pale aliposimama Zuhair. Mara ya pili ilipita mpaka, mara ya tatu ikatua sawa. Akaupiga wimbo wote kwa kidole hicho kibovu, akiisukuma sika kila ilipofika.



"Ndiyo yenyewe," alisema Mama Adnan. "Lakini zamani uliikuta tu. Leo unaitafuta."

Mahrus akamweleza yote, pamoja na haya iliyomfunga mdomo. Mama Adnan akaomba aletewe gitaa. Bila miwani, alipitisha ukucha juu ya shingo, akavuka kichuma kipya cha Wagih asikijali, na hapo hapo mbele yake ukucha ukanasa kwenye kovu la gundi.

"Hapa," alisema.

Alifungua mkoba, akachomoa wanja, na kulipaka lile kovu mstari mmoja mweusi.

"Mwambie fundi wako mimi nimeshamtilia alama. Kazi yake ni kukata tu."

Jumamosi Wagih alipokuja kufungua karakana, alimkuta Mahrus mlangoni. Gitaa lilikuwa wazi, bila shuka, maana shuka lingefuta wanja.