Kamba Kwenye Dole Gumba

Mwalimu Elieth aliniambia bibi ninayemwigiza si mtu, ni kikohozi kilichovaa kanga. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana mdomo wangu ulikuwa bado unajua kucheka hata kama mwenyewe sipo. Nilikuwa nimejikunja mgongo, nimeshika fimbo, natetemeka na kukohoa, kama wanavyoigizwa wazee wote wa vichekesho.

"Sasa mwalimu unataka azeeke vipi?" nikamuuliza.

"Sitaki azeeke, Kuruthumu. Nataka awepo."

Haya. Tulikuwa kikundi kidogo cha maigizo pale Mtunda, tunafanya mazoezi darasani wanafunzi wakishatoka. Mwalimu Elieth ni mtu wa Karagwe, kaletwa kwetu mwaka huu, na kabla ya ualimu alisoma sanaa Bagamoyo. Ametunga mchezo wa kuonyeshwa Kibiti, wa kuwaambia watu wahame mapema mafuriko yakitangazwa. Ndani yake mna bibi anayelinda mpunga bondeni. Maji yanapanda, kijana anamfuata na mtumbwi, bibi anakataa, anakataa tena, mwishoni anashuka. Watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani wameerevuka.

Mwalimu hakujua kitu. Mama yangu, Mwanaidi, alikuwa akilinda mpunga bondeni. Maji yakapanda. Baba akamfuata na mtumbwi, mama akamjibu akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia ndege, kwamba mpunga umeshainama, akiondoka ndege wataumaliza, njoo kesho. Kesho yake dungu halikuwepo, nguzo wala paa. Mama alipatikana huko chini mto ulikomtupa, tukamzika.

Wenzangu walikuwa wanajua, na mwalimu aliponipa nafasi ya bibi wote wakatazama sakafu. Fikirini, ambaye ndiye kijana wa mtumbwi, akafungua mdomo aseme, nikamkata jicho. Nikasema sawa. Siku hizo kila kitu kwangu kilikuwa sawa. Ungeniambia nyumba inaungua ningekuuliza kama kuna haja ya kuamka.

Sikulia msibani. Sikulia kwenye hitima. Shangazi Hadija alisema mbele ya watu kwamba mtoto huyu ana jicho kavu, na hata hilo halikuniudhi, mimi ambaye zamani nilikuwa nagombana na mtu kwa kunitazama tu. Niliwahi kung'olewa jino, nikapigwa sindano ya ganzi, shavu likawa si langu. Basi ilikuwa hivyo, ila ni mwili mzima, na daktari kaondoka.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na baba. Tangu msiba, baba hakuingia tena chumbani kwao. Alilala barazani kwenye mkeka, mvua ikinyesha anajisogeza ukutani. Maneno yake yalikuwa ya lazima tu: maji, chumvi, mlango. Tuliishi kama wapangaji wa nyumba moja.

Kilichonitisha, kama kutishika ndiko kule, ni kwamba mama alikuwa anaanza kunipotea. Nikifumba macho nimwone, napata picha ya kitambulisho chake cha mpiga kura, ile aliyokodolea kamera macho kama anadaiwa maelezo. Huyo hakuwa mama. Nilitaka mama mwenyewe anirudie, hata kama atarudi na maumivu yake. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani.

Mwalimu Elieth alikuwa na mazoezi yake. Tutembee kama tumebeba mawe mifukoni. Tutembee kama kuna mtu ametuita nyuma na hatutaki kugeuka. Siku moja akatutembeza kwenye tope ambalo halipo, kuzunguka madawati. Watu wa Rufiji tufundishwe tope na mtu wa Karagwe! Alivyokuwa ananyanyua miguu, kwenye jaruba la kweli la mpunga angeacha ndala zote mbili. Tukamtania mpaka akacheka mwenyewe. Lakini hakuwa anatafuta tope, alikuwa anatafuta mwili unakumbuka nini, na nadhani mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa.

Wengine walipoondoka akanibakisha.

"Funga macho. Usimfikirie mzee yeyote, wazee hawashindi wakijikumbusha kwamba wamezeeka. Huyu bibi yuko juu ya dungu. Mikono yake inafanya nini?"

"Inasuka ukili wa mkeka."

"Suka."

Nikasuka hewa. Vidole vilikuwa vinajua kazi, nilifundishwa mdogo.

"Macho yanatazama ukili?"

"Hapana. Yanatazama mpunga."

"Sasa niambie kitu ambacho mwili wake unakifanya na yeye mwenyewe hana habari."

Nikataka kumjibu kwamba nitajuaje, mimi si mganga. Kabla sijasema, mguu wangu wa kulia ukavuta. Mara moja, kwa nguvu, kisigino kikikwaruza sakafu.

Kuamia ndege kwetu ni kazi ya kamba. Zinatoka dunguni zinakwenda shambani, zimefungwa makopo, ukivuta makopo yanalia na ndege wanaruka. Wengi huvuta kwa mkono. Mama alikuwa anaifunga kamba kwenye dole gumba la mguu, ili mikono ibaki na ukili wake. Anasuka, anapiga soga, anavuta, wala hakatishi neno. Tatizo ni kwamba msimu ukiisha tukarudi kijijini, mguu ulikuwa haujui kama tumerudi. Usiku mama amelala, mguu unafukuza ndege. Mimi upande wa pili wa ukuta wa udongo nilikuwa nasikia baba akipigwa teke na kulalamika: "Yarabi, n'taumizwa humu ndani!" Kisha namsikia ameushika ule mguu, sauti imeshuka: "Ndege wamelala, mama Kuruthumu. Ndege wamelala." Na mguu unatulia.

Nilikuwa nimelisahau hilo lote. Sikuhisi huzuni, nisiseme uongo. Nilihisi goti. Goti lake, lile la kulia lililokuwa likimuuma kwa ajili ya kuvuta, likaja likakaa kwenye langu.

"Mwache hapohapo," mwalimu alisema taratibu. "Usimfukuze."

Kesho yake alikuja na kamba ya katani na makopo ya maziwa, nikajifunga doleni. Kuanzia hapo mama alikuja vipandevipande. Shingo iliyoinama upande wa bega la kushoto. Midomo iliyobana ncha ya ukili huku inaongea. Kushuka ngazi kwa ubavu, mguu wa kushoto kwanza, mkono mmoja umekusanya kanga. Sikuwa nachagua, nilikuwa navuta kamba, na kingine kinafuata. Fikirini siku moja aliacha kupiga makasia katikati ya mazoezi.

"Dada Kuru, unanitisha bwana. Huyo si wewe."

"Piga kasia."

Nyumbani nikivua kanga ya mchezo narudi kwenye ganzi yangu. Nilidhani basi, ndiyo zawadi niliyopewa: nimeupata mwendo wake, kilio hakimo.

Sikumweleza baba mchezo unahusu nini. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi tuna maonyesho Kibiti. Akasema sawa. Nyumba nzima tulikuwa hodari wa sawa.

Kibiti tulipangiwa kiwanja kilicho nyuma ya soko. Dungu letu lilikuwa meza mbili zilizopandishwa juu ya madawati, na ngazi ya fundi rangi. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, kina mama wa sokoni, madereva wa bodaboda, watoto mbele kabisa. Nimeshapanda, nimefunga kamba doleni, nikamwona baba. Mzee Abdurahmani, kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi, amesimama pembeni peke yake, kofia mkononi. Ningekuwa na akili zangu ningeogopa. Nikaanza kusuka.

Nikasuka, nikaongea na ndege, nikavuta. Makopo yakalia. Watoto wakacheka. Nikavuta tena, shingo begani, na nikamwona baba akiutazama mguu. Hakunitazama usoni. Aliutazama mguu tu.

Fikirini akaingia na mtumbwi wake wa kufikirika, anapiga kasia kwa bidii. "Bibi! Maji yanapanda! Shuka twende!"

"Nenda, mwanangu," nikamjibu kwa maneno ya mwalimu. "Mpunga umeshainama. Njoo kesho."

Kwenye karatasi ya mwalimu hakuna kesho. Neno lilitoka lenyewe.

Baba akaanza kutembea. Alipita katikati ya watoto, akawasogeza kwa mkono kama anapita jarubani, akasimama chini ya meza pembeni ya Fikirini, ambaye alibaki na kasia hewani.

"Mama Kuruthumu," akasema, "shuka."

Watu wakacheka, wakidhani na yeye ni wa kikundi.

"Shuka, bibie. Mpunga tutalima mwingine, ndege nao waache wale, wana njaa. Mimi leo siondoki. Nikisema siondoki, siondoki."

Kicheko kilikatika, sijui nani aliacha kwanza. Mwalimu Elieth alikuwa ameinuka kwenye kiti, mikono kifuani. Mimi nilikuwa na jibu la mama tayari mdomoni, lilelile lililompeleka. Kwenye mchezo bado nilitakiwa kukataa mara moja zaidi.

Sikukataa. Nikakusanya kanga kwa mkono mmoja, nikashuka kwa ubavu, mguu wa kushoto kwanza. Kamba nilisahau kuifungua, ikaja na makopo yote, yakigonga kila kipandio. Baba alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili kama inataka kusombwa. Nilipofika chini nikakaa palepale mchangani.

Mguu ukavuta. Safari hii sikuuvuta mimi.

Baba akachuchumaa kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akaukamata mguu kwa viganja vyote viwili, akausubiri. Alikuwa hajanigusa tangu msiba.

"Ndege wamelala," akasema. "Ndege wamelala."

Ndipo uso wa mama ukaja, mzima, umebana ukili midomoni na unacheka. Ganzi ikatoka yote kwa pamoja, na iliuma mno. Nililia kwa sauti mbele ya soko zima la Kibiti, nikalia ya msibani na ya hitima na ya siku zote za sawa, mpaka kina mama wa mbele wakavua mitandio yao wanifunike. Fikirini aliweka kasia lake chini, akaanza kunifungua kamba doleni. Baba hakuuachia mguu.