Koti la Nyumba ya Panya

Vumbi la maranda linaelea kwenye mwanga wa dirisha la juu, na chini yake panya wangu wanapumua. Nami napumua nao, nimechoka. Koti lile lile, mkono ule ule.

Panya humjua mtu kwa harufu. Akija mgeni wanaogopa, na hofu hubadilisha damu, na damu ikibadilika kazi yote imeharibika. Ndiyo maana koti hili halijafuliwa tangu tuwape virusi. Ndiyo maana, kaka yangu, sijakaa nawe mchana hata mmoja, nawe unakohoa peke yako kando ya dirisha.

Sikiliza, kaka. Ndani ya chembe za mwili kuna protini inayokaa juu ya jeni kama mkono juu ya swichi. Virusi vikiingia, jeni za kengele ya hatari huwashwa, mwili ukawaka moto kabla haujamjua adui kwa sura. Moto huo ni mwema. Lakini nani anauzima? Ni mkono huu wa protini, nilisema. Nilisema mbele ya mkuu wa maabara, kifua mbele, bila kumeza mate.

"Kijana, unapenda maneno kuliko vipimo," akanijibu. "Panya wa rafu zote mbili wakikonda, tunafunga kazi yako."

Rafu ya juu wanayo protini hiyo. Rafu ya chini wamezaliwa bila hiyo.

Na wewe, kaka, virusi hivi vilikuingia, vikakutoka zamani. Hospitali walisema u mzima. Mbona basi kifua bado kinaungua? Jana ulinipigia simu, sauti imekwaruza: "Bwana Panya, sisi binadamu zamu yetu lini?" Nikacheka. Kisha nikarudi kwenye rafu.

Leo tunapima. Mama Mizani, anayepima uzito wa panya wote humu, ananusa koti langu na kukunja pua. "Mwanangu, hawa hawakupendi. Wanakuvumilia tu, kama mimi."

Nawanyanyua mmoja mmoja. Koti lile lile, mkono ule ule.

Wa juu wamerudisha miili, manyoya yamelala. Wa chini wamejikunyata, migongo imepinda, wepesi kama maganda. Mkuu ameshachunguza mapafu ya wenzao wa rafu hiyo: virusi havimo. Moto tu, moto usio na wa kuuzima.

Anatazama mizani, anatazama tena. "Haya," anasema. "Ulikuwa sahihi."

Neno hilo nimelingoja kwa kiburi changu chote. Limekuja, halina ladha. Maana nimekuona rafu ya chini, kaka, umejikunyata pamoja nao. Huenda nimejua kinachokuunguza. Cha kukizima sina.

Sasa naruhusiwa kufua. Nalikung'uta koti nyumbani, nje ya mlango wetu, nalisugua, maji yanatoka meusi, maranda yanazama kwenye karai. Naingia mikono mitupu, nakaa kando yako.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Mbona sura ya msiba?"

Nakuwekea mto mgongoni.

Mwanga umeingia dirishani, na ndani yake hakuna vumbi hata chembe. Kuna pumzi yako tu, imetanda kwenye kioo kama ukungu mdogo. Inafifia. Nangoja, mkono ule ule begani mwako. Inatanda tena.