Stika ya Namba Moja

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema, lakini kwa hili la Meneja Asadi nilivumilia hadi nikajishangaa. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita. Nikimaliza salama, naajiriwa moja kwa moja. Nikiharibu, narudi kwa mama, kijijini Naliendele, kubangua korosho. Mtu mwenye mkataba wa namna hiyo hajibizani na meneja.

Kampuni yetu ni ya uwakala wa mizigo, ofisi iko nyuma ya bandari. Mwezi wa nane makao makuu Dar walituletea kompyuta mpya arobaini, ziwe tayari kabla ya msimu wa korosho. Fundi ni mimi. Nachomeka waya wa mtandao, mwenye meza anaingiza namba yake ya utumishi, kompyuta inaongea na mtambo wa Dar, inashusha Windows yenyewe, halafu inapewa jina. Ya kwanza MTW-001, inayofuata 002, inayofuata 003, kadiri zinavyowahi. Mtambo hauulizi cheo cha mtu. Na namba ikishatolewa imetolewa. Ukiisafisha kompyuta ukaanza upya, unapewa namba mpya ya mbele. Mimi huku Mtwara sina ruhusa ya kubadilisha hata nukta.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kamili. Niliyemkuta ni Bi Rozalia wa masjala, ambaye ndiye anayefungua ofisi kila siku. Alikuwa ameshafagia na chai imeshachemka. Akapata 001. Hamisi mlinzi, anayeandika namba za malori pale getini, akapata 002. Frank, afisa mizigo, aliingia saa tatu na nusu na miwani yake ya jua, akapata 031. Meneja Asadi alikuwa amekwenda harusini Nanyamba na ufunguo wa ofisi yake mfukoni. Alirudi kesho yake saa nne na nusu, akapata 040, ya mwisho kabisa.

Amri ya Dar ilikuwa kila kompyuta ibandikwe stika ya jina lake mbele, ionekane. Nikabandika. Mtume! Ningejua ningebandika nyuma. Bila kukusudia nilikuwa nimetundika ofisi nzima orodha ya wanaowahi kazini na wanaochelewa, na kila mgeni aliyeingia aliisoma.

"Shamimu," meneja akaniita. "Hii arobaini ndiyo nini?"

"Ni jina la kompyuta, bosi. Zimepangwa kwa kuwahi."

"Rozalia ana ngapi?"

"Moja."

Akaweka kalamu chini. "Binti, mimi hata jandoni nilitangulia kukatwa. Watoto ishirini na wawili walikuwa nyuma yangu. Leo nitanguliwe na masjala?"

Bi Rozalia alikuwa amesimama mlangoni na jalada la kusainiwa. "Mimi pia wa Nanyamba, bosi, nakumbuka," akasema taratibu kabisa. "Ulitangulia kwa sababu mwenye jando alikuwa baba yako. Saini hapa."

Alisaini, kisha akaniamuru nianze upya. Nikamweleza kwamba mtambo haurudi nyuma, nikamweleza tena, akaniambia yeye hakuniuliza. Bi Rozalia akanivuta pembeni akaninong'oneza nisiguse kitu bila karatasi. Basi meneja akaandika kwa mkono wake: "Kompyuta yangu ipewe namba inayolingana na cheo changu." Bi Rozalia akagonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka jaladani. Nikaisafisha kompyuta, nikakaa nayo saa moja na nusu. Ikaja 041.

"Umefanya makusudi," meneja akasema.

Frank aliposikia kwamba kuna kurudia, naye akaja juu. Yeye afisa mzima hawezi kuwa nyuma ya mlinzi! Akaandika karatasi, akapata 042. Kesho yake meneja akapata 043. Wakafuata wengine, kila mmoja na mtu ambaye hawezi kuwa nyuma yake. Jamani, wasomi wale! Kila waliporuka mbele walizidi kurudi nyuma, na kila waliporudi nyuma waliniona mimi mchawi. Msimu ulipokaribia, mtambo wa Dar ulikuwa umetoa majina sitini na matatu kwa kompyuta arobaini. Ishirini na matatu ya bure. Meneja peke yake alikuwa amemaliza tisa, Frank sita.

Baada ya mara ya tisa meneja alichoka. Nilimkuta masjala, Bi Rozalia ametoka kunywa uji, anabandua stika ya 001 kwa ukucha. Akaenda kuibandika kwenye kompyuta yake, imechanika pembe moja. "Mambo mengine ni ya kutumia akili tu, Shamimu," akaniambia. Bi Rozalia aliporudi alipaona pale palipobaki gundi, akapafuta kwa ncha ya kanga yake, akaendelea na kazi. Mimi ndiye roho ilinichemka kwa niaba yake.

Mwezi wa kumi akaja mkaguzi kutoka Dar, dada mmoja anaitwa Irene, hacheki ovyo. Ana orodha ya majina sitini na matatu. Akahesabu kompyuta mezani, akapata arobaini. Akarudia, arobaini. Akatukusanya wote ukumbini.

"Ishirini na tatu ziko wapi?"

Meneja hata hakumeza mate. Akaninyooshea kidole. "Muulize fundi. Funguo za stoo zilikuwa kwake."

Ebo! Mwizi, mimi? Nilimwona mama yangu amekaa kizingitini anaambiwa mwanao yuko polisi. Nikajikaza nikamwambia dada Irene azipindue kompyuta zote, kila moja ina namba ya kiwandani chini yake, alinganishe na karatasi za mzigo. Akazipindua moja baada ya moja. Zote arobaini zilikuwepo.

"Hakuna kilichoibiwa," akasema. "Kilichozidi ni majina. Kila jina la ziada, aliyeingiza namba yake ya utumishi aandike sababu kwenye fomu hii. Na niseme mapema, ikiwa fundi ndiye aliyekosea, mkataba wake unaishia leo."

Meneja akachukua fomu. Akaandika "Kosa la fundi". Akashuka mstari, "Kosa la fundi". Mara tisa, mwandiko mzuri wa kulala. Frank akanakili mara sita. Waliobaki wakamtazama meneja, wakanitazama mimi, wakaandika hivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama pale pale nawaona. Watu hawa nimewarekebishia simu zao, na za wake zao, bure! Nilitamani kulia na nilitamani kutukana, nikafanya vyote kimoyomoyo.

Fomu haitoki ofisini bila muhuri wa masjala. Bi Rozalia akaipokea, akavaa miwani, akasoma mistari yote bila haraka. Kisha akaenda kabatini, akarudi na jalada, akaanza kubana karatasi nyuma ya fomu, moja moja.

"Unafanya nini, Rozalia?" meneja akauliza.

"Viambatisho, bosi. Fomu haiendi Dar bila viambatisho. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Dada Irene akazisoma kwa sauti. "Namba inayolingana na cheo changu. Narudia, namba inayolingana na cheo changu. Siwezi kuwa nyuma ya mlinzi wa geti. Kwa mara ya saba, kwani tatizo ni nini?" Hamisi alikuwa amesimama kwenye kona, akainamisha kichwa, mabega yanamcheza. Dada Irene alipomaliza alichukua kalamu nyekundu akakata "Kosa la fundi" mistari yote ishirini na mitatu. "Ajira yako nitaipendekeza mwenyewe," akaniambia. Nikamshukuru mara mbili.

Lakini hakuwa amemaliza. Akaingia ofisini kwa meneja, sisi nyuma yake, akainama kuitazama ile stika iliyochanika pembe. Akatazama orodha yake, ambapo mbele ya 001 pameandikwa Rozalia. Akamtazama meneja.

"Hii 001 ni yako?"

Angeweza kusema ukweli. Ni neno moja tu, na aibu ilikuwa imeshamfika, isingeongezeka sana. Akatazama watu waliojazana mlangoni, akanyoosha tai.

"Yangu."

"Hongera," dada Irene akasema. "Kuanzia msimu huu mafaili ya kila siku kutoka Dar yataingilia kompyuta ya kwanza ya tawi, ndipo nyingine ziyapate. Mwenye nayo aiwashe kabla ya saa moja asubuhi, Jumamosi na Jumapili pia, mpaka msimu uishe. Ikichelewa kuwashwa, malori yanasimama getini." Kisha akageuka. "Na wewe Bi Rozalia, huwa unafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Endelea hivyo hivyo."

Nikamtazama Bi Rozalia, akatazama dari. Jina la kompyuta liko ndani yake, si kwenye stika. Mafaili ya Dar yanaitafuta 001 ya kweli, na hiyo iko masjala, inawashwa na mwenyewe kila alfajiri kabla chai haijachemka.

Tangu siku ile Meneja Asadi anatoka nyumbani kwake Mikindani akishamaliza swala ya alfajiri tu. Hajakosa hata Jumapili. Anamkuta Bi Rozalia ameshafungua, anaketi, anabonyeza, kompyuta nyingine zinapata mafaili, anatangaza kwa sauti, "Haya, tawi limeamka!" Bi Rozalia anamletea chai.

Mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi moja nikiwa zamu, aliniita. Macho yalikuwa mekundu, shati amekosea vifungo. Barua yangu ya ajira nilikuwa nimekabidhiwa jana yake na Bi Rozalia, ina muhuri, iko kwenye mkoba.

"Shamimu mwanangu," akasema, "hivi siku moja tu nikichelewa, kuna kitakachoharibika?"

Ningeweza kumwambia. Ile fomu ikanijia mbele ya macho, mwandiko mzuri wa kulala, mistari tisa.

"Usithubutu, bosi," nikamjibu. "Tawi zima linakutegemea."

Akajiweka sawa kitini, akaipangusa ile stika kwa kidole, akaniambia kesho atafika mapema zaidi.